Mgomba Haukufa
Maswali ya wasomaji: kupanga insha kuhusu mhusika wa riwaya

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Arusha na Moshi zimeuliza jambo moja: mtu anaandikaje insha kuhusu mhusika bila kuishia kusimulia kitabu upya? Walio wengi wamemtaja Okonkwo wa Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, kwa hiyo tumeshikamana naye. Kwa asiyeisoma: Okonkwo ni mkulima na mpiga mieleka maarufu wa Umuofia, katika nchi ya Waigbo, Nigeria ya leo. Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi aliyekufa na madeni, naye Okonkwo ameazimia asifanane naye kwa lolote. Anapata mali, wake watatu na heshima. Anashiriki kumuua Ikemefuna, kijana aliyekaa nyumbani kwake miaka 3. Anahamishwa miaka 7 kwa kuua bila kukusudia. Anaporudi anakuta wamisionari na serikali ya kikoloni, anamuua tarishi wa mahakama, kisha anajinyonga.

SWALI: Shikamooni. Niko kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), natokea Kiboriloni, Moshi. Tulipewa swali: "Okonkwo aliangushwa na hofu yake kuliko alivyoangushwa na wageni. Jadili." Nikaorodhesha sifa 8 za Okonkwo, kila sifa na mfano wake, kurasa 5 kamili. Nimepata 9 kati ya 20, na pembeni mwalimu ameandika neno moja tu: "Unasimulia." Nilikosea wapi? Nimeambatanisha kopi ya insha.

JIBU: Marahaba, mwanetu. Mwalimu hakukuonea, lakini pia hujapotea mbali. Mifano yako ni ya kweli na umeisoma riwaya yote, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Tatizo liko kwenye kazi unayoipa mifano hiyo. Aya yako ya tatu, tukiiweka kwa Kiswahili, inasema:

"Okonkwo ni mkali. Hii inaonekana alipompiga mke wake wa pili kwa sababu ya mgomba. Pia alimpiga mke wake mdogo katika Wiki ya Amani. Pia alimfyatulia mkewe bunduki. Kwa hiyo Okonkwo ni mkali sana."

Tazama ulipoanzia na ulipofika. Umetoka kwenye "mkali" ukafika kwenye "mkali sana". Matukio matatu mazito yamepita, na msomaji hajajua kitu ambacho hakukijua kwenye sentensi ya kwanza. Hapo ndipo mwalimu anapoandika "unasimulia".

Sasa rudi kwenye sura ya 5, pale penye mgomba, usome polepole. Wewe unatoka Kiboriloni, umekulia karibu na vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, kwa hiyo unajua jambo ambalo msomaji wa mjini London huenda asilijue: mgomba haufi kwa kukatwa majani machache. Ekwefi, huyo mke wa pili, alikata majani ya kufungia chakula, kama wanavyofanya kina mama wa huku kila siku. Msimulizi naye hatuachi tukisie, anasema waziwazi kwamba mgomba ulikuwa hai. Maana yake kosa lenyewe halipo. Basi kama mgomba haukufa, hasira ile imetoka wapi?

Panda juu mistari michache utakuta jibu. Ni siku za kungojea Sikukuu ya Viazi Vikuu Vipya. Wengine wanafurahia mapumziko, Okonkwo hayawezi. Angekuwa na raha zaidi shambani kwake. Anazungukazunguka uani akitafuta pa kumwagia hasira aliyokwisha kuwa nayo. Kisha kumbuka sura ya 2, inayosema alichukia kila alichokipenda baba yake, na vitu viwili vinatajwa: upole na uvivu. Ukiziweka sura hizo mbili kando kwa kando, aya yako inaweza kuwa hivi:

"Hasira ya Okonkwo huwaka zaidi anapokosa kazi. Siku chache kabla ya sikukuu hana shughuli shambani, anazungukazunguka uani, kisha anampiga Ekwefi kwa kosa la kuua mgomba ambao msimulizi anatuambia uko hai. Kosa halipo, aliyepo ni mtu asiyevumilia kukaa bure. Tulikwisha kuelezwa katika sura ya 2 kwamba aliuchukia uvivu kwa sababu ulikuwa wa baba yake. Siku ya mapumziko inamsogeza karibu na Unoka, naye anamfukuza Unoka kwa kipigo. Ukali wake, basi, ni vazi la hofu yake."

Tukio ni moja tu badala ya matatu, lakini sasa aya inajibu swali, maana swali lilihusu hofu. Yale mawili tuliyoyaacha hayajapotea. Kile kipigo cha Wiki ya Amani (sura ya 4) kina kazi nzito kuliko kuonyesha ukali: wake zake wakubwa wanamkumbusha kuwa ni wiki takatifu, naye haachi, kwa sababu si mtu wa kuacha kipigo katikati hata kwa kumwogopa mungu wa kike. Mtu asiyemwogopa mungu huyo wa ardhi anaogopa kivuli cha mpiga filimbi. Hiyo peke yake ni hoja.

Sasa mpango wenyewe. Tuseme una dakika 45 kwa insha moja. Kumi ni za mpango, 30 za kuandika, 5 za kusoma ulichoandika. Wengi hutoa dakika 1 kwa mpango kwa kuogopa muda, halafu hupoteza 15 katikati ya insha wakiwaza hoja inayofuata.

Dakika 2 za mwanzo ni za swali. Pigia mstari maneno yanayokufunga. Hapa ni matatu: "hofu", "kuliko" na "jadili". Neno "kuliko" ndilo lililokuangusha: linadai upime vitu viwili, na wageni hawaonekani kwenye insha yako mpaka sentensi ya mwisho. "Jadili" linataka pande zote mbili zisikike kabla hujaamua. Lingekuwa "thibitisha", ungeruhusiwa kuegemea upande mmoja zaidi.

Dakika 3 zinazofuata, andika matukio 8 yanayokujia, mstari mmoja kwa kila tukio, na namba ya sura pembeni. Taja sura, usitaje ukurasa, kwa kuwa kurasa hubadilika toleo kwa toleo na sura 25 za kitabu hiki hazibadiliki. Kisha unganisha matukio mawili mawili, na uchague jozi zinazovutana. Aliyempiga Ekwefi ndiye huyohuyo anayemfuata gizani: katika sura ya 12 tunajua kwamba kuhani Chielo alipomchukua binti yao Ezinma, Okonkwo alikwenda pangoni mara 4 usiku ule kwa wasiwasi. Jozi kama hiyo ndiyo inayoleta insha, kwa kuwa inakulazimisha ueleze. Jozi ya matukio yanayofanana inakupa orodha tu.

Halafu andika dai lako kwa sentensi moja yenye "ingawa" na "kwa sababu". "Ingawa" linakukumbusha upande wa pili, "kwa sababu" linakukataza kuorodhesha. Usipoweza kuyatumia yote mawili, bado huna dai. Hivi ndivyo karatasi ya rasimu ingeonekana kwa swali lako:

Dai: Ingawa wageni waliibomoa Umuofia aliyoijua, Okonkwo anaanguka kwa sababu hofu ya kufanana na Unoka humfanya atende haraka na peke yake.
1. Mgomba (5) na chuki ya uvivu (2). Hofu inavaa ukali.
2. Ikemefuna (7): mzee Ezeudu alimwonya asishiriki kumuua, maana kijana anamwita baba. Anamkata kwa panga asionekane dhaifu. Siku 2 hali chakula (8). Hofu inashinda upendo.
3. Upande wa wageni: wanampata Nwoye, mwanawe (16–17), viongozi 6 wanafungwa, Mkuu wa Wilaya anataja faini ya mifuko 200 ya kauri (fedha ya wakati ule), matarishi wanawaambia watu kuwa ni mifuko 250 (23). LAKINI moyo wa Nwoye ulivunjika sura ya 7, kabla ya mmisionari yeyote.
4. Tarishi (24): anaua, wenzake wanawaacha matarishi wengine wakimbie. Kujinyonga (25), na Unoka aliyeachwa Msitu Mwovu (3): wote wawili hawakuzikwa na watu wao.

Upande wa pili tumeuweka hoja ya 3 kwa makusudi. Ukiuweka mwanzoni, insha yote itakuwa inarudi nyuma kujitetea. Ukiuweka mwisho, ndio atakaoondoka nao msahihishaji. Na hoja ya 4 inafunga kwa kitu kikubwa zaidi ulichonacho: mtu aliyekimbia maisha yote asiwe baba yake amefika mlemle alimofika baba yake. Tunaipenda hoja hiyo kuliko zote, na karibu kila insha inayotufikia inaiacha, kwa sababu kifo cha Unoka kiko mwanzoni kabisa na wanafunzi wengi huwa wamekwisha kukisahau.

Katika kuandika, toa dakika 3 kwa utangulizi, 6 kwa kila aya, 3 kwa hitimisho. Aya ya maneno 90 hadi 110 inatosha. Kurasa 5 ulizojaza hazikukupa alama yoyote ya ziada.

SWALI: Mimi ni mzazi, naishi Sakina, Arusha. Kijana wangu anakariri madesa ya fasihi anayotoa kopi steshenari, anaweza kukutajia "sifa za Okonkwo" kama sala. Hajafungua riwaya yenyewe. Je, atafaulu?

JIBU: Mama, atapata alama kadhaa, lakini atakwama swali likigeuzwa kidogo. Madesa hujibu swali la "mhusika huyu yukoje", na mtihani huuliza zaidi "kwa nini" na "kwa kiasi gani". Usimnyang'anye hayo madesa, yatamsaidia kukumbuka majina. Mpe kazi hii: kila sifa iliyoandikwa humo, atafute kwenye riwaya tukio moja linaloipinga. Pameandikwa "hana huruma"? Asome sura ya 9 aone Okonkwo alivyokwenda kutafuta majani na magome ya dawa Ezinma alipopata homa. Pameandikwa "jasiri"? Asome sura ya 7. Sifa 6, matukio 6, wiki 2. Hawezi kuifanya kazi hiyo bila kukifungua kitabu.

SWALI: Ninafundisha sekondari karibu na Himo. Nakala ni chache, kitabu kimoja kwa wanafunzi 6 au 7. Nawafundishaje kukusanya ushahidi wakati kitabu chenyewe hawakai nacho?

JIBU: Mwalimu, wagawe makundi 5, kila kundi sura 5, kitabu kikae na kundi kwa siku 4 kisha kizunguke. Kila kundi lilete karatasi moja yenye safu nne: sura, tukio, nani anatuambia, tukio hili linapingana na lipi. Matukio 3 kwa sura yanatosha. Bandikeni karatasi zote ukutani.

Safu ya tatu ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo wanafunzi huiruka. Mhusika tunamjua kwa njia nne: anachotenda, anachosema, wanachosema wengine juu yake, na anachotuambia msimulizi. Uzito wake haulingani. Kwamba maisha ya Okonkwo yalitawaliwa na hofu ni kauli ya msimulizi, sura ya 2, na tunaweza kuisimamia. Kwamba Okonkwo alikuwa mmoja wa watu wakubwa kabisa wa Umuofia ni kauli ya Obierika, rafiki yake, akisema kwa uchungu mbele ya mwili unaoning'inia. Mwanafunzi anayeandika "mwandishi anasema Okonkwo alikuwa mtu mkubwa" amekosea mara mbili: amemchanganya mhusika na mwandishi, na ameupoteza uchungu wa Obierika, ambao ndio ushahidi wenyewe.

Wafundishe pia msemaji wa mwisho. Yule Mkuu wa Wilaya, ambaye wazee wetu hapa wangemwita Bwana Shauri, anaondoka akiwaza kwamba kisa cha Okonkwo kitamfaa kwenye kitabu anachokusudia kuandika; pengine sura nzima, kisha anapunguza, labda aya moja. Sisi tumemfuata Okonkwo kwa sura 25. Wape wanafunzi dakika 20 waandike ile aya moja kama Mkuu wa Wilaya angeiandika, halafu waorodheshe kila walichokiacha. Orodha hiyo itawapa hoja za insha mbili.

SWALI: Shikamooni. Mwalimu wetu anasema Okonkwo ni shujaa. Mimi siwezi kumwita shujaa mtu aliyemuua mtoto anayemwita baba. Nikiandika ninavyoamini nitakatwa alama? Kidato cha nne, Njoro, Moshi.

JIBU: Marahaba. Hutakatwa kwa kupinga. Utakatwa kwa kupinga bila ushahidi, au kwa kuandika hukumu ya kanisani mahali pa hoja. Kwanza hakikisha mnazungumzia neno moja. Huenda mwalimu anamaanisha shujaa wa tanzia, yaani mtu mwenye hadhi anayeangushwa na kasoro iliyo ndani yake. Maana hiyo haimsafishi hata kidogo. Wewe unamaanisha mtu wa kuigwa. Eleza hilo kwenye utangulizi kwa sentensi moja na ugomvi utapungua nusu.

Kisha mtafute shahidi ndani ya riwaya yenyewe, mtu wa Umuofia anayeona kama unavyoona wewe. Yupo. Ni Obierika, sura ya 8. Hapingi kauli ya mizimu, anasema yeye asingebishana nayo wala asingekuwa mtekelezaji wake. Hapo ndipo hoja yako inapopata nguvu, maana huwezi kuambiwa unampima Okonkwo kwa mizani ya leo. Umempima kwa mizani ya jirani yake. Ongeza Ezeudu, mzee aliyemwonya. Na angalia riwaya inavyomrudia: katika mazishi ya Ezeudu huyohuyo, sura ya 13, bunduki ya Okonkwo inapasuka na kumuua mwana wa marehemu, kijana wa miaka 16. Mwandishi angeweza kuiweka ajali hiyo kwenye mazishi ya mtu yeyote.

Kosa moja ujihadhari nalo: usiandike "Okonkwo alimuua Ikemefuna kwa sababu hakumpenda." Sura ya 4 inasema alimpenda, kwa siri ya moyoni. Ukimwondolea upendo unaifanya kazi yake kuwa rahisi na hoja yako kuwa dhaifu.

SWALI: Nina tafsiri ya Kiswahili, Shujaa Okonkwo. Naweza kuitumia kwenye mtihani wa fasihi ya Kiingereza? Msomaji, Ngaramtoni.

JIBU: Itumie nyumbani. Ile tafsiri ya Clement Ndulute inasaidia sana kuushika mtiririko wa matukio. Kwenye karatasi ya Kiingereza nukuu kwa Kiingereza, tena kwa ufupi: maneno 4 hadi 8 yaliyoingizwa ndani ya sentensi yako. Usijaribu kurudisha Kiswahili kwenye Kiingereza kwa kichwa, utazalisha maneno ambayo Achebe hakuyaandika. Usipokumbuka maneno yenyewe, eleza tukio bila alama za kunukuu. Maneno ya Kiigbo kama chi (mungu wa mtu binafsi) na egwugwu (wavaa vinyago wanaowakilisha mizimu) yaache yalivyo.

SWALI: Njia hii inafaa kwa riwaya za Kiswahili? Tunasoma Rosa Mistika. Usa River.

JIBU: Inafaa, na hapo utaona raha ya kulinganisha. Katika riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971 pia kuna baba anayeandama maisha ya mwanawe: Zakaria, mlevi, anayempiga Rosa kwa barua ya mvulana. Jozi ya kuanzia ni ukali wa nyumbani na uhuru wa ghafla wa shuleni. Lakini usiuhamishe mpango wa Okonkwo ukabadili majina tu. Okonkwo anamkimbia baba aliyekuwa mlegevu. Rosa amebanwa na baba mkali. Anza upya na matukio 8.

SWALI: Nikisahau jina la mhusika katikati ya mtihani? Nimekwama kwa jina la yule tarishi aliyeuawa. Pasua, Moshi.

JIBU: Yule hujamsahau. Riwaya haikumpa jina. Andika "kiongozi wa matarishi". Kwa wengine, andika uhusiano: "mke wa pili wa Okonkwo", "mzee aliyemwonya". Acha nafasi ndogo juu ya mstari, jina likikujia katika zile dakika 5 za mwisho ulichomeke.